Maua ya Siku Sita

Simu ililia mke wa Kengele akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Aliitazama ikitetemeka juu ya kabati la vyombo, akaisonya, kisha akabonyeza spika kwa kidole cha mwisho, ambacho angalau kilikuwa na unafuu kuliko wenzake.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Baba hatunaye. Asubuhi hii hii. Alikuwa anavaa viatu aende kazini."

Unga ukamkaukia mikononi. Aliyefariki alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, fundi saa aliyehamia mbali pamoja na wanawe miaka kumi na tano iliyopita. Mke wa Kengele aliinyakua simu, akazima spika, akaibana sikioni na unga wake. Neno la kwanza lililomtoka halikuwa pole, na jambo hilo lilimuumiza kwa muda mrefu baadaye.

"Baba yako mdogo umeshamwambia?"

"Bado. Nimeona nipitie kwako kwanza."

"Basi usimwambie. Na mtu yeyote asimwambie. Mpaka nikupigie mimi."

"Mama mdogo, huyo ni ndugu yake tumbo moja," alisema kijana.

"Najua, mwanangu. Najua kuliko unavyodhani."

Asiyejua mambo ya nyumba ile atamwona mke wa Kengele kuwa mtu katili. Angoje kidogo kabla hajahukumu. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vilivyoegemea ukuta wa nyuma wa hekalu la Kihindu, hekalu la miaka mia na ishirini, lenye nguzo za mawe zilizochongwa ndege na matawi, lililobanwa siku hizi kati ya duka la vipuri vya magari na banda la fundi cherehani. Zamani lilihudumia familia mia mbili. Watoto walisoma, wakaondoka, wakawavuta wazazi wao, na sasa zilibaki familia tatu, wengi humo wakiwa bibi vizee wanaokuja kwa mkongojo. Mwanamume aliyejua maneno na taratibu za chumba cha ndani alikuwa amebaki mmoja, mume wa mwanamke huyu. Kila saa kumi na moja alfajiri alimwamsha Bwana, mungu wao wa jiwe aliyesimama humo, kwa kengele, akamwogesha, akamvisha, akampa maua na chakula alichokipika kwa mikono yake mwenyewe. Mtaa mzima, watu wa kila dini, waliamkia kengele hiyo. Ndiyo maana wakamwita Kengele, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye kitambulisho.

Na sheria yao ni kwamba mtu akifiwa na wa damu yake haruhusiwi kuingia chumba cha ndani, wala kugusa kinachoingia humo, mpaka ziishe siku kumi tangu kifo. Lakini asiyejua hana kosa. Kwao, msiba hauingii kwa mtu kupitia damu, huingia kupitia sikio. Shangazi yake Kengele alipofariki, Kengele alikaa kwenye ngazi za nje siku zote kumi bila kukanyaga kizingiti, na ibada ikaendeshwa na mwenzake, Mzee wa Miwani. Mzee wa Miwani alikuwa ameshahama kuwafuata wanawe mwaka jana. Hakukuwa na mwingine.

Yote hayo yangevumilika kama isingekuwa barua. Barua ilitoka Idara ya Majengo ya Kale, ikasema kwamba jengo la kihistoria lisilotumika kila siku kwa kazi yake litachukuliwa na kufanywa makumbusho, na wanaokaa ndani yake watahama katika miezi mitatu. Ofisa angekuja Alhamisi alfajiri kujionea. Simu ya msiba ilikuja Jumatatu. Siku tatu tu, alijiambia mke wa Kengele akikwangua unga kwenye simu kwa ukucha. Kengele alizaliwa katika chumba kile cha nyuma, hana ufundi mwingine, na ana miaka hamsini na minne. Ataanza kazi gani, ya kubeba mizigo?

Barazani, mama mkwe wake alikuwa amekaa na sinia la maua mapajani. Mtaa ulimwita Bibi Maua, kwa kuwa tangu alipoletwa hapo bibi harusi alikuwa ndiye mtunga mashada ya Bwana. Alikuwa mzito wa kusikia, au ndivyo ilivyosemwa. Ukimwomba akuchungulie sufuria hasikii, ukimnong'oneza jirani habari za watu anageuka.

Mke wa Kengele alitoka akijifuta. "Mama, hujachoka?" aliuliza kwa sauti ya juu.

Bibi Maua aliichomeka sindano kwenye ua lililokuwa nusu ya uzi. Alilisukuma sinia mbele kwa mgongo wa mkono.

"Vidole vinaniuma," alisema. "Malizia wewe."

*

Jioni Kengele alirudi ndani amechangamka kupita kiasi, kama mtu anayeogopa. Alikuwa ameshinda akisugua taa za shaba kwa ajili ya mgeni.

"Bibie, ofisa akishaweka muhuri wake, unajua nitafanya nini? Nitampigia kaka."

Mkewe aliendelea kuchambua dengu ambazo alikuwa ameshazichambua.

"Miezi minne hatujasemezana. Aliniambia ninalinda jiwe wakati mvi zinaniota. Nikamkatia simu. Mimi, nikamkatia simu mtu aliyenibeba mabegani nikajifunze kupiga kengele kwa sababu sifikii kamba!" Alicheka peke yake. "Nitamwambia, haya, jiwe limetulinda sisi. Atacheka yule. Au nimpigie leo? Simu iko wapi?"

"Haina chaji."

"Si uchaji?"

"Waya umekatika. Na wewe umesema ukishapata muhuri. Subiri basi uwe na la kumwambia."

Simu ilikuwa ndani ya debe la mchele, imezimwa. Nyumba ile ilikuwa na simu hiyo moja tu. Kengele alikuwa akisema anayezungumza na Bwana alfajiri hana haja ya kuzungumza na kila mtu mchana, maneno ambayo mkewe aliyaona ya majivuno siku zote. Leo aliyashukuru.

Bibi Maua alikuwa akitandika mkeka sakafuni, pembeni ya kitanda chake. Mwanawe akamuuliza kulikoni.

"Godoro linaniumiza mgongo."

"Nitalipeleka likatengenezwe."

"Liache. Wiki hii nalala chini."

*

Jumanne mwili wa shemeji yake ulichomwa moto, kama ilivyo desturi yao, mbali huko, na mke wa Kengele alitunga maua. Jumatano alitunga maua. Kila alipochukua sindano alikwenda kwanza kunawa, akarudi, akaitazama mikono yake, akaenda kunawa tena. Yeye alijua. Sikio lake lilikuwa limeshasikia, na mke hushika msiba wa mumewe. Hakutakiwa hata kulisogelea sinia lile. Lakini Mama anaumwa vidole, angefanyaje? Akisema siwezi, ataulizwa kwa nini. Alijipa moyo kwamba ua halijui habari za simu, kisha akajiona mpumbavu kwa kufikiri hivyo. Alipomaliza alikuwa akimpa mama mkwe shada, naye akisema, "Weka hapo. Nitampa mumeo mimi mwenyewe."

Alianza kuogopa vitu vidogo. Mtu wa posta akipita na baiskeli anashtuka. Mmoja wa bibi vizee wa zile familia tatu akija kusali, anamdaka mlangoni na kumjaza maneno mpaka atoke, asije akawa amepata habari kwa wanawe. Usiku analala kama anayelalia kokoto. Hakuwa amemlilia shemeji yake hata chozi moja, yeye ambaye shemeji huyo alimtania siku ya harusi kwamba ameolewa na saa ya ukutani. Kulia kungehitaji sababu.

Jumatano mchana aliiwasha simu chooni, akakuta amepigiwa mara tisa. Alipiga.

"Mama mdogo, watu wanauliza," mtoto wa shemeji yake alisema. Sauti ilikuwa imepoteza heshima ya Jumatatu. "Mama analia kwamba baba mdogo ametususa kwa ajili ya ule ugomvi. Hata neno moja la pole? Niwaambie nini watu?"

"Waambie anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Mwanangu, waambie chochote. Nitukane mimi. Yeye usimguse."

Kijana akakata. Mke wa Kengele alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, simu mkononi, mpaka Bibi Maua alipogonga mlango kwa mkongojo kuuliza kama kuna mtu amefia humo. Neno lile lilimfanya aangushe simu. Bahati, iliangukia kanga.

*

Ofisa wa Idara alikuja Alhamisi na faili la kijani, amechelewa, kengele imeshalia na Bwana ameshaogeshwa. Alikuwa kijana mnene mwenye haraka. Kwenye kizingiti alitazama safu ya ndara, akatazama viatu vyake vya kamba.

"Hapa huvuliwa viatu," Kengele alimwambia kwa upole.

"Mzee, hizi kamba mpaka nizifungue na kuzifunga tena, nitakuwa hapa mpaka kesho." Akatoa mifuko miwili ya plastiki kwenye mkoba, akavivika viatu, akaingia akisikika kwaru, kwaru, kwaru. Kengele alifungua mdomo, akamtazama mkewe, akaufunga. Mke wa Kengele hakuwahi kumwona mumewe akimeza kitu kikubwa namna ile.

"Waumini wako wapi?"

"Hawa hapa," alisema Kengele. Walikuwa bibi wawili, mmoja amesinzia.

"Wawili." Akaandika. "Na huyu amelala. Nimwandike?"

"Andika. Akisinzia hapa amekuja, hakusinzia kwake."

Ofisa alicheka kidogo, akaandika. Kisha akaomba kengele ipigwe tena, ili aipige picha. Kengele akamweleza kwamba Bwana ameshaamka, humwamshi mtu aliyekwisha amka. "Hata kwa picha?" Hata kwa picha. Ofisa akafunga faili.

"Basi mimi siwezi kuthibitisha kitu ambacho sijakiona. Jumamosi nitakuja na Mkurugenzi mwenyewe. Mhakikishe kila kitu kinafanyika mbele yake. Kila kitu."

Jumamosi! Mke wa Kengele alishika nguzo. Siku mbili zaidi. Alikuwa ameshapanga maneno. Alikuwa ameyapanga tangu alfajiri, kwamba ofisa akishatoa mguu tu, atamketisha mumewe na kumwambia. Sasa akayameza upya, na yalikuwa yameshachacha.

Ijumaa asubuhi Kengele aliingia kunywa chai akiwa amechanika shati begani, na jani limemnasa kwenye nywele.

"Umepigana na nani?"

"Na uzio wa jirani. Siku hizi Mama hataki nimpe Bwana mashada. Anasema uzi uliouleta ni mbovu, nichume maua mwenyewe kwenye uzio na nimwekee Bwana hivyo hivyo, bila kutungwa." Akapuliza chai. "Uzee, bibie. Tutafika huko."

Mkewe alimtoa jani nywelani. Aliona aibu kwa sababu ya uzi, ingawa ulikuwa uzi uleule wa siku zote, na akawaza kwamba mama mkwe amemchoka. Zaidi ya hapo hakuwaza. Kichwa chake kilikuwa Jumamosi.

*

Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo. Alifika saa kumi na moja kasorobo, akavua viatu bila kuambiwa, akakaa sakafuni karibu na yule bibi wa kusinzia. Ofisa wake ikabidi afungue kamba. Soksi yake moja ilikuwa na tundu la kidole gumba.

Kengele alipiga kengele. Aliipiga vizuri kuliko siku zote, na ng'ambo ya barabara fundi cherehani akasikika akipiga mwayo na kufungua dirisha. Alimwamsha Bwana, akamwogesha, akamvisha kitambaa cha njano, akamwagia maua ya uzio miguuni, machache, yenye umande. Sauti yake ya kuomba haikutetemeka. Nyuma ya nguzo alisimama mkewe. Kila mstari alioutamka mumewe aliuhesabu: huo umepita, huo umepita. Hivi Bwana anajua? Kama anajua, mbona ananyamaza? Na kama hajui, huyu mume wangu anamwogesha nani?

Mkurugenzi alitoa karatasi, akagonga muhuri palepale juu ya goti lake.

"Hii mtaibandika mlangoni," alisema. "Watu wa Idara wakipita, waione. Mnisamehe kwa usumbufu." Alimtazama Kengele kidogo. "Baba yangu naye alikuwa mtunza msikiti. Najua kazi ya alfajiri."

Walipoondoka, Kengele aliibandika karatasi kwa gundi ya unga, akairudia pembe zote nne kwa kiganja. JENGO HILI HUTUMIKA KWA IBADA KILA SIKU. Kisha akageuka, uso umemng'aa, akanyoosha mkono.

"Haya, bibie. Waya umetengenezwa, haujatengenezwa, nipe simu. Nimpigie kaka."

Mke wa Kengele alikuwa na maneno yake yaliyochacha. Halikutoka hata moja. "Kaka hayupo," alisema.

"Amekwenda wapi?"

"Hayupo, baba. Amefariki."

Mkono ulibaki umenyooshwa. "Lini?"

"Jumatatu. Asubuhi. Alikuwa anavaa viatu."

Kengele aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha akarudi nyuma, hatua moja, mbili, tatu, mpaka akatoka kwenye kizingiti cha hekalu na kusimama kwenye ngazi za nje. Hata katika hali ile hakusahau mahali pa kusimama.

"Jumatatu," alisema. "Wameshamchoma."

"Jumanne."

"Na mimi nilikuwa nasugua taa. Nilikuwa nacheka, nakwambia nitampigia, na wewe unachambua dengu!" Sauti ilipanda mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. "Umeniibia kaka yangu! Afadhali ungeniacha nifukuzwe. Ungeniacha nilale barabarani na msiba wangu!"

Mkewe hakujitetea. Alisimama akalipokea neno zima.

Kengele alijifuta uso kwa shati lililochanika. "Na Mama? Mama anajua?"

"Hajui. Sikuthubutu."

"Basi tumwambie," alisema, na hasira ikamwisha yote kwa mara moja, ikabaki hofu. "Nani atamwambia mama mzazi?"

*

Bibi Maua alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani. Hakuwa amechana nywele. Mke wa Kengele aliona sasa kwamba hakuwa amezichana siku nyingi, na kwamba sahani ya jana ilikuwa na chakula chote isipokuwa wali mkavu.

"Mama," Kengele alianza, akapiga magoti, akashindwa.

"Wamekupa karatasi?"

"Wametupa."

"Basi keti. Leo ni siku ya sita. Zimebaki nne." Aliunyoosha mkono wake mkavu, akaushika uso wa mwanawe. "Hizo sita nimekukalia matanga mimi."

Mke wa Kengele alipiga magoti naye. "Mama, ulisikia?"

"Mwanamke anaweka simu kwenye spika, halafu anauliza kama nimesikia. Mimi ni kiziwi wa kazi, mwanangu, si kiziwi wa mwanangu." Akapeleka mkono chini ya kitanda, akavuta kapu, akalisukuma mbele ya mkwewe. Ndani yalikuwemo mashada sita, moja juu ya jingine. La juu lilikuwa bado bichi. La chini kabisa lilikuwa limekauka na kuwa rangi ya chai, na katikati yake ilionekana mahali mishono ya Bibi Maua ilipoishia na ya mkwewe ilipoanza.

"Ulikuwa unatunga huku unajua," alisema Bibi Maua. "Mikono imefiwa. Nikasema, huyu atakuja kujilaumu maisha yake yote. Hakuna hata moja lililomfikia Bwana."

Mke wa Kengele alitaka kusema samahani. Badala yake kikamtoka kilio alichokuwa amekifungia ndani ya debe la mchele tangu Jumatatu, kilio kikubwa, kibaya, cha kamasi, na akamlilia shemeji yake wa utani mbele ya watu wawili waliokuwa na haki ya kulia kuliko yeye. Bibi Maua alisogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Kaa," alisema. "Na wewe ni msiba wako."

"Na Bwana, Mama?" Kengele aliuliza baadaye. "Nani atamwamsha siku hizo nne?"

"Amesimama pale miaka mia na ishirini. Mwache alale kidogo."

*

Jumapili kengele haikulia. Mtaa ulichelewa kuamka. Mwenye duka la vipuri alifungua saa mbili, akigombana na mkewe. Fundi cherehani alivuka barabara na tepu shingoni, akamkuta Kengele amekaa kwenye ngazi ya chini, kichwa kimenyolewa, na juu yake mlango umefungwa kwa kufuli.

"Kengele! Umetuua leo. Nina suti ya watu saa nne." Akaisoma karatasi mlangoni. "Inasema kila siku, na nyinyi mmefunga. Hao wa Idara wakipita je?"

"Wakipita watanikuta hapa. Nimefiwa na kaka yangu."

Fundi cherehani akashusha tepu. "Pole sana, ndugu yangu. Lini?"

Ndani, karibu na dirisha, mke wa Kengele alisimama na sufuria ya maji mkononi. Tangu jana mumewe hakuwa amemsemesha. Aliegemea ukuta asikose jibu.

"Jumatatu," alisema Kengele. "Mama na mke wangu walianza kukaa tangu Jumatatu. Mimi ndiyo kwanza nimefika."

Fundi cherehani alivua viatu, ingawa pale ngazini hakuna aliyevua, akakaa kando yake.